Kunyonya mafuta kwa ganzi au kwa nusu kaputi: ipi inakufaa?

Ukishaamua kunyonya mafuta kwa upasuaji, swali la kwanza kujiuliza si kliniki gani wala bei gani. Ni hili: utakuwa macho au utalazwa usingizi? Wengi humwachia daktari aamue, na kliniki nyingi hulijibu kwenye tangazo kwa maneno mepesi kama "bila nusu kaputi" au "unarudi nyumbani leo leo". Naona ndilo swali zito kuliko yote, kwa sababu sehemu kubwa ya hatari za upasuaji huu inatokana na dawa unazopewa ili usisikie maumivu, na pia wingi wa mafuta anaothubutu daktari kuchukua kwa siku moja.

Njia ziko tatu, japo matangazo hutaja mbili. Kuna ganzi tupu, ambayo wataalamu huiita tumesenti. Kuna ganzi hiyohiyo ikiongezewa dawa ya kusinzisha inayopitishwa kwenye mshipa. Halafu kuna nusu kaputi kamili: umelala fofofo, bomba la hewa kooni, mtaalamu wa usingizi amekaa upande wa kichwa chako. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mtu mwenye afya nzuri anayetaka kupunguza eneo moja au mawili, ganzi tupu ndiyo ningemshauri kama angekuwa ndugu yangu wa damu. Lakini usalama wake una mipaka inayohesabika kwa miligramu, na anayeivuka mipaka hiyo hawezi tena kujivunia sifa ya njia hii.

Ganzi hii si ile ya kung'oa jino

Kwa daktari wa meno unachomwa mililita chache za dawa kali. Tumesenti ni kinyume chake: dawa iliyozimuliwa sana, ndani ya maji mengi. Aliyeibuni ni Jeffrey Klein, daktari wa ngozi wa California, mwaka 1985, na maelezo yake yalichapishwa mwaka 1987. Kabla ya hapo upasuaji huu ulikuwa umeanzia Ulaya katika miaka ya 1970, kwanza Roma kwa Arpad Fischer na mwanawe Giorgio, kisha Paris kwa Yves-Gérard Illouz. Mgonjwa alilazwa usingizi, mabomba yalikuwa manene, na damu ilitoka nyingi kiasi cha baadhi ya wagonjwa kuhitaji kuongezewa.

Klein alichanganya vitu vinne. Lita moja ya maji ya dripu yenye chumvi, lidokeini miligramu 500 hadi 1,000, adrenalini isiyozidi miligramu moja, na sodiamu baikaboneti kidogo. Lidokeini ndiyo ganzi yenyewe. Adrenalini hubana mishipa midogo ya damu, hivyo damu haitoki ovyo na ganzi haikimbilii mwilini haraka. Baikaboneti hupunguza ule ukali wa dawa unaochoma inapoingia. Na maji mengi huifanya dawa ienee kila kona ya mafuta.

Chumbani mambo huenda hivi. Daktari anachora kwa kalamu ukiwa umesimama, maana mafuta hubadilika mkao mtu akilala. Unachomwa sindano ndogo za ganzi sehemu chache, kisha kupitia hapo maji yale yanaingizwa polepole kwa pampu. Eneo linavimba na kukaza. Unasikia ubaridi, mbano, na mahali pengine mchomo wa muda mfupi. Kisha mnasubiri, nusu saa au zaidi, na kusubiri huku ni sehemu ya tiba kwa sababu adrenalini inahitaji muda. Kwenye ngozi nyeupe daktari huona eneo limepauka. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani vizuri, kwa hiyo anayejua kazi hugusa na kuhisi kama ngozi imekuwa ya baridi na ngumu kote. Baada ya hapo ndipo bomba jembamba, la milimita 2 au 3 hivi, linaingizwa na kuanza kunyonya. "Dada, geukia kushoto kidogo," nesi anasema, na wewe unageuka mwenyewe.

Huko kugeuka mwenyewe kuna faida kubwa. Ukiwa macho, daktari anaweza kukusimamisha katikati ya kazi aone kama pande mbili zimelingana. Na bomba likipotea njia likagusa msuli, utasema "hapo panauma" mara moja. Aliyelala nusu kaputi hasemi kitu. Bomba kutoboa ukuta wa tumbo na kufika kwenye utumbo ni ajali isiyotokea mara kwa mara, ila ni miongoni mwa zile zinazoua, na maumivu ya mgonjwa aliye macho ni kengele ambayo mashine ya chumba cha upasuaji haina.

Kuhusu damu, tulinganishe kwa haki

Wanaopigia debe tumesenti hupenda kusema inapunguza upotevu wa damu, na ni kweli. Katika upasuaji wa zamani, uliofanywa bila kuingiza maji kwanza, asilimia 20 hadi 45 ya kilichonyonywa ilikuwa damu. Ukitoa lita 2, umepoteza kati ya mililita 400 na 900. Kwa tumesenti damu ni asilimia 1 hivi. Lita 2 zilezile, mililita 20, yaani vijiko vinne vya chai.

Lakini madaktari wanaotumia nusu kaputi nao wameshajifunza. Wengi leo huingiza maji yenye adrenalini kabla ya kunyonya, na damu yao pia imepungua sana. Kwa hiyo ukiambiwa "njoo kwetu kwa ganzi, kule kwingine utamaliza damu", huyo anakulinganishia na upasuaji wa miaka arobaini iliyopita. Tofauti halisi ya leo iko kwenye usingizi, kwenye maji ya mwilini, na kwenye kiasi cha mafuta.

Suala la maji linastahili maneno machache. Sehemu ya maji yaliyoingizwa chini ya ngozi hufyonzwa na mwili taratibu. Kwa ganzi tupu, kwa kawaida hakuna haja ya dripu nyingine ya mshipani. Ukiwa umelazwa usingizi dripu huwekwa, na timu isipojumlisha maji ya pande zote mbili, mgonjwa anaweza kujaa maji mapafuni. Timu makini hujumlisha. Uliza kama wanafanya hivyo.

Usingizi wenyewe

Nusu kaputi ya siku hizi, kwa mtaalamu na vifaa kamili, ni salama kwa walio wengi, na sipendi makala zinazoitangaza kama kitanzi. Hata hivyo ina mizigo yake. Unafunga kula saa sita kabla. Unaamka na kichefuchefu, pengine kutapika, na koo linakuuma kwa sababu ya bomba. Mwenye uzito mkubwa au anayekoroma na kukatika pumzi usingizini ana hatari zaidi ya matatizo ya njia ya hewa. Na kulala bila kusogea kwa saa kadhaa, kisha kubaki kitandani, huchochea damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Bonge hilo likikatika na kufika kwenye mapafu linaweza kuua ndani ya dakika chache.

Uchunguzi mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2000 ulikusanya taarifa kwa madaktari wa upasuaji wa urembo kuhusu kazi za miaka ya 1994 hadi 1998. Ulipata vifo 95 katika upasuaji 496,245, sawa na kifo kimoja kwa kila upasuaji 5,200 hivi, na sababu iliyoongoza ilikuwa hilo bonge la damu mapafuni, takriban asilimia 23 ya vifo. Mwaka 2002 ulichapishwa mwingine wa madaktari wa ngozi waliotumia tumesenti: upasuaji 66,570, hakuna kifo hata kimoja.

Tofauti hiyo inavutia macho, na ndiyo maana inanukuliwa sana. Ila isome vizuri. Wagonjwa wa makundi haya mawili hawakufanana. Wale wa kwanza mara nyingi walitolewa mafuta mengi zaidi, na baadhi walifanyiwa pia upasuaji wa kukata ngozi ya tumbo siku hiyohiyo. Taarifa zenyewe zilitolewa na madaktari waliofanya kazi. Mimi nachukua takwimu hizi kuwa ushahidi kwamba kazi ndogo kwa ganzi tupu ina rekodi nzuri sana. Kusema kwamba neno tumesenti peke yake linamkinga mtu, hapana. Ripoti ya mwaka 1999 ilieleza vifo 5 Jijini New York kati ya 1993 na 1998, vyote baada ya upasuaji uliotumia mbinu hii. Mmoja wa marehemu alizidiwa na maji mwilini, mwingine aliuawa na bonge la damu.

Hapa ndipo ile njia ya pili inaponitia wasiwasi kuliko zote. Kliniki inatangaza "ganzi tu", ukifika unawekewa dripu na dawa ya kusinzisha, mara nyingi bila mtaalamu wa usingizi chumbani, kwa kuwa kwenye karatasi hii si nusu kaputi. Dawa hizo zikizidi kidogo zinapunguza pumzi. Zikichanganyika na lidokeini nyingi, dalili za mwanzo za sumu hazionekani, maana mgonjwa ambaye angesema "nasikia masikio yanalia" amesinzia. Nusu kaputi kamili yenye mtaalamu wake naiamini kuliko usingizi wa kujificha usio na msimamizi.

Dozi, na usiku wa siku ya upasuaji

Ganzi ya lidokeini yenye adrenalini kwa matumizi ya kawaida ina kikomo cha miligramu 7 kwa kila kilo ya mwili. Mwanamke wa kilo 70 asingepaswa kuzidi miligramu 490. Katika tumesenti Klein alionyesha mwaka 1990 kwamba miligramu 35 kwa kilo zinavumilika, na utafiti alioshiriki mwaka 2016 ulipendekeza mwisho uwe 45 kwa kilo mafuta yakinyonywa, na 28 tu endapo dawa imeingizwa lakini mafuta hayakunyonywa. Kwa mama yule wa kilo 70, kikomo cha 45 ni miligramu 3,150. Ikiwa kila lita ina gramu moja ya lidokeini, hizo ni lita 3 na kidogo, basi. Zikiisha, kazi ya siku hiyo imeisha.

Inawezekanaje dozi mara sita ya kawaida isimdhuru? Kwa sababu mafuta yana mishipa michache ya damu, adrenalini imeibana hata hiyo michache, lidokeini yenyewe hushikana na mafuta, na sehemu yake inatolewa pamoja na mafuta yanayonyonywa. Dawa inaingia kwenye damu tone kwa tone. Ni ubunifu mzuri kwelikweli, na ndio unaofanya ganzi ibaki kwa saa nyingi baada ya upasuaji, hivyo wengi hupita usiku wa kwanza kwa paracetamol tu.

Ila polepole hiyo ina upande wa pili. Kiwango cha lidokeini kwenye damu hufika kileleni saa nyingi baadaye, mara nyingi karibu saa 12. Umefanyiwa saa tatu asubuhi, umeondoka mchana ukitembea, na kilele kinakukuta saa tatu usiku ukiwa sebuleni kwako. Kwa hiyo lala na mtu mzima anayejua cha kutazama: ganzi kuzunguka mdomo na ulimi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kulia, kizunguzungu, maneno kukokoteka, misuli kurukaruka. Hizo ni za kupeleka mtu hospitali bila kusubiri asubuhi, kwa sababu hatua zinazofuata ni degedege na moyo kusimama. Dawa yake ni mafuta maalumu ya mshipani ya asilimia 20. Kliniki isiyo nayo kwenye kabati haipaswi kufanya upasuaji huu, iwe imetangaza nini.

Kuna jambo linalowahusu watu wengi kwetu na halisemwi kwenye matangazo. Lidokeini huvunjwa na ini, na dawa kadhaa hulizuia ini lisiifanye kazi hiyo kwa kasi yake: dawa za fangasi kama ketokonazoli, antibayotiki kama erithromaisini na klarithromaisini, na dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri. Propranololi ya presha au kipandauso nayo ni tatizo, na zaidi ikikutana na adrenalini inaweza kupandisha presha ghafla. Usiache dawa yoyote kwa siri ili upate kufanyiwa upasuaji. Mwambie daktari kila unachomeza, faragha, bila aibu. Yeye ndiye wa kupunguza dozi, kuahirisha, au kukuambia kwamba njia hii haikufai.

Mafuta kiasi gani

Hapa nusu kaputi inashinda, na inashinda kihalali. Ukomo wa lidokeini unaweka ukomo wa eneo. Anayetaka tumbo, mgongo, mikono na mapaja kwa siku moja hawezi kupata hayo yote kwa ganzi tupu bila kuvuka dozi. Atagawanyiwa awamu mbili au tatu, wiki kadhaa katikati. Kwa nusu kaputi kazi kubwa hufanyika mara moja, ila nayo ina mpaka: kilichonyonywa kikizidi lita 5 kwa jumla, upasuaji huhesabiwa kuwa mkubwa, na mgonjwa hulazwa hospitali usiku kucha chini ya uangalizi. Ukisikia kliniki inajisifu kwamba hutoa lita 8 na kukurudisha nyumbani jioni, ondoka.

Ngozi iliyolegea baada ya kuzaa au baada ya kupungua kilo nyingi ni habari nyingine. Kunyonya mafuta hakukazi ngozi ya namna hiyo; kunaweza hata kuiacha ikining'inia zaidi. Anayehitaji kukatwa ngozi na kukazwa misuli ya tumbo anahitaji nusu kaputi na hospitali, na hapo kubishania ganzi ni kupoteza muda.

Na anayetaka kupungua uzito, hakuna njia hata moja kati ya hizi inayomfaa. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake 15 wanene walionyonywa takriban kilo 10 za mafuta ya tumbo. Baada ya miezi mitatu hivi, presha, sukari na mafuta ya kwenye damu yao havikuwa vimepata nafuu. Yanayonyonywa ni mafuta ya chini ya ngozi. Yale yaliyozunguka matumbo, yenye madhara zaidi, bomba haliyafikii.

Kuwa macho si kwa kila mtu

Kazi ya ganzi hudumu saa mbili, tatu, pengine zaidi. Husikii ukali, lakini unasikia bomba likisugua, mashine ikinguruma, watu wakiongea. Wapo wanaotulia wakasikiliza kaswida au taarabu kwenye simu hadi mwisho. Wapo ambao sindano moja tu inawazimisha. Ukijijua uko kundi la pili, kujilazimisha ni mateso, na daktari atashawishika kukuongezea ile dawa ya kusinzisha ambayo haikuwa kwenye mpango. Afadhali upange nusu kaputi ya kweli tangu mwanzo, hospitalini.

Kupona hakupishani sana. Aliyefanyiwa kwa ganzi anatembea saa hiyohiyo, na kutembea ndiko kunakozuia damu kuganda. Matundu madogo mara nyingi huachwa wazi yavuje, na kwa siku moja au mbili yanatoa maji mekundumekundu mengi kuliko watu wa nyumbani wanavyotarajia. Ni mchanganyiko wa maji ya dawa na damu kidogo. Tandika mpira kitandani, weka taulo kuukuu, waambie mapema wasitishike. Damu nzito inayotiririka ni jambo jingine, hiyo ni ya kurudi kwa daktari. Vazi la kubana huvaliwa kwa wiki kadhaa kwa njia zote mbili, na joto la Dar au Mombasa halitakuonea huruma, basi nunua mawili ili moja lifuliwe. Uvimbe hupungua ndani ya wiki chache; umbo la mwisho lisubiri miezi mitatu hadi sita. Kwenye ngozi zetu alama za matundu huweza kubaki nyeusi kwa miezi, na mwenye historia ya kovu kuvimba aseme kabla.

Pesa

Kwa eneo moja, ganzi kwa kawaida ni nafuu: hakuna malipo ya mtaalamu wa usingizi wala kitanda cha kulala. Kwa maeneo mengi yaliyogawanywa awamu, piga hesabu ya awamu zote pamoja kabla ya kusema ipi ni rahisi. Vazi, dawa na siku za kukosa kazi ziingie pia.

Kabla hujalipa

Mwenye kidevu cha pili, mikono, nyama uzembe za ubavuni, au sehemu ya tumbo, mwenye uzito wa karibu na kawaida, asiye na ugonjwa wa moyo wala ini, asiyeogopa kuwa macho: aende na ganzi tupu. Mwenye maeneo mengi na asiyetaka kurudi mara ya pili, mwenye ngozi ya kukatwa, au mwenye hofu kubwa: nusu kaputi, kwenye hospitali yenye mtaalamu wa usingizi na chumba cha wagonjwa mahututi karibu. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye mzio wa lidokeini wasubiri au waache.

Hakikisha daktari na kituo vyote viwili vina leseni. Kwa Kenya ni KMPDC, yaani baraza la madaktari la huko, kwa Tanzania Bara ni Baraza la Madaktari Tanganyika kwa upande wa daktari. Kisha, siku ya mazungumzo, panda mzani mbele yao na uulize: "Daktari, kwa uzito wangu huu mwisho wa lidokeini ni miligramu ngapi, na mnapanga kutumia ngapi?" Anayeifanya kazi hii ipasavyo atachukua kalamu na kukupigia hesabu hapohapo. Muulize pia kama utapewa kitu chochote cha kusinzisha, nani atakuwa anatazama pumzi zako wakati huo, na namba gani utapiga saa nne usiku. Akijibu kwamba hayo ni ya kitaalamu na usijali, usitoe malipo ya awali.